Mita 740 za Kwenda Stesheni: Kisa cha Barabara Isiyo na Mwenyewe

Kalvati lilivunjika usiku mmoja wa Novemba 2023, mvua za El Niño zikiwa zimeshika kasi. Kulipokucha ilikuwa Jumamosi, siku ambayo garimoshi la abiria kutoka Nairobi hutufikia likielekea Kisumu. Mwanabodaboda wa kwanza kwenda kuwapokea abiria alitoka kungali giza na hakuliona shimo. Gurudumu la mbele lilizama, yeye akatupwa mtaroni, na mama aliyempakia, aliyekuwa anakwenda kumlaki bintiye, akavunjika mkono. Mimi nilifika saa moja asubuhi. Bomba la saruji lilikuwa limepasuka katikati kama boga lililoanguka, na maji yalikuwa yamekula udongo chini yake mpaka ukiinama ungeweza kuingiza mkono wote, kiganja hadi begani, bila kugusa kitu.

Stesheni yenyewe ni moja ya zile ndogo za ukanda wa miwa, kati ya Muhoroni na Kibos. Jina lake naliacha, kwa kuwa waliohusika wengi bado wako kazini na baadhi yao walitusaidia kuliko walivyolazimika. Mimi ni katibu wa kamati ya soko lililo kando ya lami. Niliwahi kufundisha, kwa hiyo bado naitwa mwalimu, na kila palipohitajika barua niliandika mimi. Nakala zote ninazo. Ndizo zilizonipa ujasiri wa kukiandika kisa hiki chote, maana nina hakika wako wengi wanaopita kwenye barabara kama yetu bila kujua kwa nini haitengenezwi.

Kutoka ukingo wa lami hadi ukingo wa jukwaa la stesheni ni mita 740. Tulipima wenyewe kwa utepe wa mita 50 wa shule, ule wa kupimia mchezo wa kuruka, watoto wawili wakishika ncha na mimi nikiandika. Mita 30 za kwanza zimo ndani ya hifadhi ya barabara kuu. Mita 460 zinazofuata zinapita katikati ya mashamba ya miwa. Mita 250 za mwisho zimo ndani ya ardhi ya reli. Mpaka wa ardhi hiyo unaujua ukiona vipande vya chuma cha reli vilivyosimikwa wima ardhini, vimeshika kutu lakini havitikisiki. Kalvati lililovunjika liko pale pale kwenye mpaka. Mdomo wake wa juu uko upande wa mashamba na mdomo wa chini uko upande wa reli. Hili nililiona dogo siku ile tulipopima. Kumbe ndilo lililotuchelewesha karibu miaka miwili.

Kila ofisi tuliyoingia ilituuliza swali moja kabla ya salamu kuisha vizuri: "Hiyo barabara ni ya nani?"

Wengi wetu tulidhani ni swali la kutufukuza. Ilinichukua miezi kuelewa kwamba ndilo swali lenye maana kuliko yote, kwa sababu pesa za matengenezo ya barabara nchini Kenya hazifuati shimo. Zinamfuata mwenye barabara. Sheria ya tozo ya matengenezo ya barabara ilipitishwa 1993, na Bodi ya Barabara ya Kenya iliundwa kwa sheria ya 1999 ili kuzisimamia pesa hizo. Tozo hukatwa kwenye kila lita ya petroli na dizeli. Kwa miaka kadhaa ilikuwa shilingi 18 kwa lita, na Julai 2024 ikapandishwa hadi 25. Hakuna anayeikwepa, hata yule anayenunua mafuta ya chupa pale kwenye kibanda. Kituo chetu kina bodaboda 34. Niliwauliza mmoja mmoja, na wengi waliniambia wanatumia lita mbili hivi kwa siku. Hiyo ni shilingi 50 za tozo kwa kila pikipiki, shilingi 1,700 kwa kituo kizima, kila siku ya kazi. Kwa siku 300 ni shilingi 510,000. Kijana aliyeanguka na yule mama analipa kama wenzake.

Pesa hizo zikishakusanywa hugawanywa kwa mafungu. Sheria ya barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, KURA kwa za mijini na KeRRA kwa za vijijini. Kila moja ina fungu lake, na sehemu ya fungu la vijijini hugawiwa maeneobunge yote 290 kwa usawa. Kisha ikaja Katiba ya 2010 iliyozipa kaunti barabara za kaunti. Orodha ya barabara ilipotangazwa upya kwenye gazeti rasmi la serikali Januari 2016, mtandao mzima ulikuwa zaidi ya kilomita 160,000, na karibu robo tatu yake zikawekwa chini ya kaunti. Kila barabara kwenye orodha hiyo ina namba. Barabara yenye namba ina mwenyewe, na yenye mwenyewe inaweza kuombewa pesa. Isiyo na namba ni njia tu, hata ikipitwa na lori.

Barabara yetu haikuwa na namba. Hilo tulilijua baadaye sana.

Januari 2024 niliandika barua tatu. Ofisi ya kwanza ilijibu upesi na kwa heshima: wao wana mita 30 za mwanzo, nazo ni nzima. Kweli ni nzima. Ofisi ya pili, ya mambo ya kaunti, ilituma kijana na simu akapiga picha, akasema kalvati liko upande wa reli. Ofisi ya tatu, ya mambo ya reli, ilitujibu kwa mdomo kupitia mlinzi wa stesheni kwamba maji yanayovunja kalvati yanatoka mashambani, kwa hiyo si yao. Hakuna aliyedanganya. Kila mmoja alisimama upande wake wa kile chuma kilichosimikwa na kusema alichokiona kutoka pale.

Tukafanya kosa ambalo ningependa mwingine asilifanye. Tulichanga. Soko lilitoa, bodaboda walitoa, makanisa mawili yalitoa, na mwenye trela la miwa akatusaidia kubeba. Februari tulimwaga changarawe nyekundu kutoka machimboni, trela tisa, na shimo la kalvati tukalijaza mawe. Siku ile tulipiga picha, akina mama wakaimba. Machi ikaisha, mvua za masika zikaingia, na kufikia katikati ya Aprili 2024 changarawe yote ilikuwa imeshuka kwenye mtaro wa reli. Udongo wa nyanda hizi ni ule mweusi unaonata. Kiangazi unapasuka nyufa za kuingia mguu, mvua ikija unavimba na kuwa kama unga uliokandwa. Ukimwaga changarawe juu yake bila kuyapa maji njia ya kutoka, unaulisha tu. Na yale mawe tuliyojaza kwenye kalvati yaliziba hata ule upenyo uliokuwa umesalia. Maji yakapanda juu ya barabara yakaikata sehemu ya pili, mita kumi hivi kutoka ile ya kwanza. Tulizidisha ubovu kwa pesa zetu wenyewe. Yule mama wa mkono alikuwa ametoa shilingi 200.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mzee mmoja anayeishi nyuma ya nyumba za zamani za reli. Alifanya kazi ya njia tangu ujana, akaishia kuwa mnyapara wa genge. Tunamwita jaduong', kama tunavyowaita wazee wa rika lake.

"Jaduong', hii barabara ilitengenezwa na nani zamani?"

"Na sisi, mwalimu. Nani mwingine?"

Akanieleza akiwa ameketi kwenye taruma la mbao, lile gogo linalolazwa chini ya reli, aliloligeuza benchi. Reli hii ilifika ziwani Desemba 1901, na kwa miongo mingi kila kipande cha njia kilikuwa na genge lake. Genge lilikaza misumari, lilibadilisha mataruma, lilijaza kokoto, lilifyeka majani. Na kabla mvua hazijaingia lilizibua mitaro yote, pamoja na ile ya barabara ya kuingilia stesheni, kwa kuwa bila barabara hiyo pamba na miwa na mizigo ya wenye maduka isingefika kwenye mabehewa. "Hatukuuliza ni ya nani," akasema. "Ilikuwa inakuja kwetu." Kalvati lile alilizibua yeye kwa mikono yake, mara mbili kwa mwaka, kwa sepetu na mwanzi mrefu.

Kisha magenge yakapungua. Mizigo ilihamia kwenye malori, wafanyakazi wengi wa reli wakaachishwa kazi, na Novemba 2006 uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi kwa mkataba uliovunjwa 2017. Katika miaka hiyo garimoshi la abiria la kwenda Kisumu lilikoma. Njia ilipofufuliwa na abiria wakarudi Desemba 2021, chuma na mataruma vilishughulikiwa, na sisi tulifurahi, mimi mwenyewe nilikwenda stesheni na wajukuu kulitazama tu likipita. Lakini lile genge lililokuwa likizibua kalvati halikurudi. Barabara haikuharibiwa na mtu. Ilipoteza mtu aliyekuwa akiitunza bila kuandikwa popote kwamba anaitunza, na alipoondoka hakukuwa na karatasi ya kuonyesha nani achukue zamu yake.

Watu huniuliza, je, hakuna ushuru wa reli? Upo. Ushuru wa maendeleo ya reli ulianza 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, ili kugharamia ujenzi wa reli ya kisasa, iliyofika Nairobi 2017 na Naivasha 2019. Ni pesa ya kujenga. Kuzibua mtaro wa stesheni ndogo kwenye reli ya zamani ni kazi ya bajeti ya kawaida ya shirika, inayoshindania shilingi ile ile na mishahara, mafuta ya injini na ukarabati wa mabehewa. Naona hapo pana kasoro kubwa katika namna tunavyogharamia mambo ya umma: tumejiwekea tozo za kujenga zenye jina na akaunti, na kazi ya kutunza tukaiacha iishi kwa mabaki. Kwa barabara angalau tozo ni ya matengenezo tangu mwanzo. Kwa stesheni hakuna kitu kama hicho.

Mei 2024 niliandika barua ya aina nyingine. Sikulalamika. Niliomba taarifa, kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayozipa ofisi za umma siku 21 kujibu. Niliuliza maswali mawili tu: barabara hii ina namba gani kwenye orodha, na nani amepangiwa kuitengeneza. Jibu lilikuja siku ya 19, ukurasa mmoja, nalo lilikuwa la manufaa kuliko ziara zote tulizofanya. Barabara ya mashambani inayokatiza yetu ina namba. Yetu haina. Kwa hesabu za serikali, mita zetu 460 ni shamba.

Mhandisi mmoja kijana, niliyemkuta akitoka ofisini, alikaa nami kwenye ngazi nusu saa akinichorea nyuma ya ile barua. Alisema mambo matatu. La kwanza, tuombe kipande cha katikati kiandikwe kuwa barabara ya kaunti, kwa kuwa hakiingii ardhi ya reli na hakuna wa kukipinga. La pili, kwa kalvati tupate kibali cha maandishi kutoka kwa wenye ardhi ya reli, kinachoruhusu kaunti kujenga hadi mdomo wa chini na kuchimba mtaro wa kutolea maji ndani ya ardhi yao. Wasiombwe pesa. Waombwe ruhusa. La tatu ndilo lililotuokoa: mpango wa maendeleo wa kaunti wa mwaka hupelekwa kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1, kwa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012. Kitu kisichokuwa ndani ya mpango huo kina kazi ngumu sana kuingia kwenye bajeti, inayowasilishwa kufikia Aprili 30 mwaka unaofuata. Sisi tulikuwa tunapiga kelele mwezi wa Mei, bajeti imeshapikwa, tukishangaa kwa nini hatupewi sahani.

"Mwalimu," aliniambia, "njooni Agosti. Na msije na matusi, njooni na vipimo."

Agosti tulikwenda watu kumi na wanane kwenye kikao cha wananchi cha wadi. Nilikuwa na ukurasa mmoja: urefu wa kila kipande, mahali pa kalvati, idadi ya pikipiki, idadi ya watu tuliowahesabu wakishuka garimoshini Jumamosi nne mfululizo, na picha mbili, moja ya Februari changarawe ikiwa mpya na moja ya Aprili ikiwa mtaroni. Hiyo picha ya pili ilifanya kazi kuliko maneno yangu yote. Mwakilishi wadi aliitazama muda mrefu akauliza, "Hizi ni pesa zenu?" Tukamwambia ni zetu.

Kulikuwa na mvutano. Wakazi wa upande wa pili wa wadi walisema barabara ya zahanati yao ni mbaya zaidi, na kwa kweli niliiona baadaye, ni mbaya. Pesa zenyewe zilikuwa zimebanwa. Mwaka huo magavana na wabunge walikuwa wakigombania shilingi bilioni 10.5 za tozo ya mafuta ambazo kaunti zilikuwa zimezoea kuzipata, na zogo hilo likafika mahakamani. Kwetu ugomvi huo wa Nairobi ulionekana kwa jicho: greda la kaunti lilikaa bila mafuta wiki nyingi. Sina upande katika kesi ile, ila nasema hili. Anayepigania fungu la barabara, awe mbunge au gavana, angepaswa kuja na orodha ya makalvati mkononi.

Tuliandikwa kwenye mpango. Kwa mstari mmoja.

Kibali cha reli kilichukua miezi saba. Sikuona ubaya wa mtu. Niliona faili inayosafiri kutoka meza hadi meza, na kila meza ikiuliza kama kaunti, ikishajenga, itadai kipande kile kiwe chake. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu ardhi za reli zimenyakuliwa sana nchini na walio kazini wanajua. Ilibidi barua iandikwe upya na kuongezwa sentensi moja kwamba kazi haibadilishi umiliki. Sentensi hiyo tungeiandika siku ya kwanza, tungepunguza nusu ya safari zangu za Kisumu.

Kazi ilifanyika Septemba 2025, mwaka wa fedha ukiwa umeanza Julai, na ilimalizika kwa siku kumi na moja. Mkandarasi aling'oa lile bomba la zamani, ambalo upana wake haukufika hata goti langu, akaweka mabomba makubwa mawili sambamba, akajengea kuta za mawe kwenye midomo yote miwili. Kisha akachimba mitaro pande zote za barabara, akainyanyua katikati ili maji yamwagikie kando, na baada ya hapo tu ndipo changarawe ikaja. Jaduong' alikuja kila asubuhi na kiti chake. Siku ya nne alimwita msimamizi, akamwonyesha kwa fimbo kwamba mtaro wa chini unapanda badala ya kushuka. Wakaleta pimamaji, wakapima, wakauchimba tena.

Hali ilivyo sasa sitaipamba. Mita 460 zetu zina namba na zinapitika hata mvua ikinyesha usiku kucha. Kalvati limevumilia masika nzima bila ufa. Lakini trela za miwa zimegundua kwamba barabara ni nzuri, na zinakata njia kupitia kwetu kukwepa foleni ya kiwandani. Tayari kuna mifereji miwili mirefu iliyochimbwa na magurudumu karibu na mwembe. Tozo ya sukari ya asilimia 4 ilirudi Julai 2025 chini ya Sheria ya Sukari ya 2024, na sehemu yake imetengewa miundombinu ya maeneo ya miwa. Barua ya kuomba sehemu hiyo nimeshaianza. Bodaboda wawili hulipwa na kamati ya soko kuzibua mitaro kabla ya kila msimu wa mvua, na tarehe zao zimeandikwa kwenye daftari la soko, ukurasa wa mwisho, wakisaini kila wakimaliza.

Zile mita 250 ndani ya ardhi ya reli bado ni udongo mweusi. Paa la chumba cha kungojea linavuja juu ya benchi moja kati ya mawili, na choo kimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake sijamwona anayeushika. Safari hii barua tumeipeleka mapema, na sentensi ya umiliki imo tangu mwanzo.

Jumamosi iliyopita nilimwona yule mama akimrudisha bintiye stesheni. Walikuja kwa pikipiki mpaka kwenye kile chuma kilichosimikwa. Pale mwanabodaboda akasimama. Mama akavua viatu, akavishika kwa mkono ule uliovunjika, akatembea kando ya tope na begi la binti kichwani hadi jukwaani.